Ukwaju wa Mkesha wa Idd

Harufu ya ukwaju ilinipokea mlangoni. Ilikuwa alasiri ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Nilikuwa nimetoka sokoni Mbagala Rangi Tatu na tende na unga wa ngano, nikajua kuna mtu anatengeneza maji ya kufuturia. Nikapita ukumbini, nikatokea uani. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, beseni mbele yake, kumbi la nazi mkononi. Mrashi na chetezo vilikuwa vimeanikwa juani, vinameta. Kando yake lilikuwapo sinia la shaba tunalopakulia pilau, na juu ya sinia, zimepangwa mistari mistari kama maandazi yanayongoja kikaango, zilikuwa sarafu zangu.

Zilikuwa nyekundu. Sarafu ya shaba iliyolala mchangani kwa miaka mia saba haiwi nyekundu. Huwa ya kahawia, au ya kijani cha jani la mwarobaini, au nyeusi kabisa. Hizi zilikuwa nyekundu kama waya wa umeme uliomenywa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na jua. Nilikuwa natafuta mrashi kabatini nikalikuta kopo lako nyuma yake. Vitu vyako vimeshika kutu mpaka vinatia huruma, nami naona kazi hazikupi nafasi. Nimevisugua pamoja na vyombo vya sikukuu."

Mwanamume wa pwani hamwinulii sauti mkwewe. Hata uso hamkunjii. Nilisema, "Ahsante sana, mama, umechoka," nikaingia chumbani nikaketi kitandani, mfuko wa tende ungali mkononi. Mke wangu alinifuata, akaniona nilivyo, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Yeye ndiye aliyelitoa kopo mezani kwangu siku mbili nyuma, mama yake alipowasili kwa basi kutoka Kilwa Masoko, ili meza ipate kuwekwa vyakula. Akalificha mahali alipodhani pana usalama kuliko pote ndani ya nyumba: nyuma ya mrashi.

Kopo hilo, la maziwa ya unga, lilikuwa la marehemu baba mkwe. Alikuwa mvuvi, na msimu wa upepo mbaya alikata boriti kwenye mikoko ya Songo Mnara na Sanje ya Kati. Alipofariki, baada ya arobaini, shemeji yangu aliniletea kopo akisema, "Shemeji, wewe ndiye unayependa vitabu. Sisi tulitaka kuzitupa." Ndani yake mlikuwa na sarafu arobaini na tatu. Usiku ule nilizimwaga juu ya gazeti, na tangu siku hiyo sijawa mtu yule yule. Mke wangu akalipa kopo jina la mke mwenza. Akitaka kwenda kulala huniambia, "Mwenzangu anakuita, mimi natangulia."

Sarafu thelathini na mbili kati ya hizo zilikuwa rahisi, kwa sababu zinajieleza. Tisa ni pesa za Unguja, za Seyyid Barghash, zile wazee walizoziita pesa za mizani kwa ajili ya mizani iliyochorwa upande mmoja. Chini ya mizani imeandikwa 1299, mwaka wa Hijria unaoangukia 1882. Kumi na nne ni za Wajerumani. Zile za mwanzo, za 1890 hadi 1892, zina ndege tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, maana waliozitengeneza walijua nani atazipokea sokoni. Wakati huo rupia moja ilikuwa pesa sitini na nne. Mwaka 1904 wakabadilisha hesabu, rupia ikawa heller mia moja, na ndiyo hiyo heller iliyotuachia neno hela, ambalo hata mtoto wangu wa miaka saba hulitamka kila asubuhi akienda shule. Mojawapo ya zile kumi na nne ni ya heller ishirini, 1916, yenye herufi ndogo ya T chini ya mwaka. T ni Tabora. Vita vilikuwa vimefunga bahari, sarafu hazikuweza kuletwa kutoka Ulaya, wakazigonga wenyewe huko Tabora. Nane nyingine ni za Waingereza, za simba na za tundu katikati, ambazo akina mama waliziunga kwa uzi.

Ya thelathini na mbili ilikuwa riale ya Sham, fedha nzito, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Niliipima kwenye mizani ya sonara wa jirani, ikatoa gramu ishirini na nane. Imeandikwa 1780, lakini mwaka huo haukuambii lolote kuhusu umri wake, kwa kuwa malkia alipokufa mwaka huo waliendelea kuzigonga kwa tarehe ile ile vizazi na vizazi, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu hawakutaka nyingine. Mke wangu aliitaka ile riale kwa mkufu tangu siku ya kwanza.

Zilizobaki kumi na moja ndizo zilizoninyima usingizi. Ni ndogo, upana wa ukucha wa dole gumba, kingo zake hazikukaa sawa, na herufi zake ni nene, zimebanana, hazina nukta. Ni sarafu za masultani wa Kilwa. Hazina mwaka. Hazina jina la mji. Upande mmoja lipo jina la sultani na la baba yake. Upande wa pili yapo maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na pande hizo mbili zina vina, mshairi yeyote wa pwani angezitambua kuwa ni ndugu zake: jina likiishia Hasan, maneno ya upande wa pili nayo huishia minan. Watu wa Kilwa walibeba beti mifukoni mwao walipokwenda kununua samaki.

Sikujua Kiarabu zaidi ya kusoma juzuu, na herufi zisizo na nukta ziliniangusha. Nilijifunza polepole. Nilijifunza kuweka sarafu karibu na taa ili mwanga upige ubavuni na kivuli kiziinue herufi. Nilijifunza kutandaza karatasi nyembamba juu yake na kupitisha kalamu ya risasi, kama watoto wafanyavyo na shilingi. Nilijifunza kutumia sumaku, maana shaba haivutwi, na iliyovutwa ni ya kughushi au ni kitu kingine kabisa. Zaidi ya yote nilijifunza kwamba ile kutu si uchafu. Shaba ikilala ardhini muda mrefu, ngozi yake ya juu hugeuka taratibu kuwa kutu ngumu, na mara nyingi herufi huwa hazimo tena kwenye shaba yenyewe. Zimo ndani ya kutu hiyo. Ukitia ndimu au ukwaju, tindikali inaila kutu na herufi zinakwenda nayo. Ukiongeza chumvi unafanya baya zaidi, nami nitalieleza, kwa sababu lilitufika.

Haya yote nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari. Hakuna hata mmoja pale nyumbani niliyekuwa nimemwambia kwa sauti.

Tulipofuturu sikugusa ukwaju. Baada ya swala nilizichukua sarafu zilizokauka, nikazihesabu chini ya taa. Arobaini na mbili. Nikazihesabu tena. Pesa tisa, za Wajerumani kumi na nne, za Waingereza nane, riale moja. Za Kilwa zilikuwa kumi.

Nje watu walikuwa wanashangilia mwezi umeandama. Mimi na mwanangu mkubwa tulichuja maji ya beseni kwa chujio la nazi. Tulipekua majivu aliyosugulia, tukapepeta kwa ungo. Tulimulika mfereji wa uani mpaka unapotokea barabarani. Mke wangu alikagua banda la kuku, akafungua hata mfuko wa makumbi. Mama mkwe alituona tunahangaika, akauliza tumepoteza nini, nami nikasema, "Kidude kidogo tu, mama, usijali." Hapo nilikosea, na kosa hilo lilitugharimu siku nzima. Ningemjibu sawasawa angeniambia palepale ilipo.

Siku ya Idd ilikwenda kama zinavyokwenda Idd zote. Swala, pilau, wageni, watoto wanapita nyumba hadi nyumba kuomba sikukuu. Kitinda mimba wetu alivaa gauni lenye malinda, akatoka na kaka yake kwenda uwanja wa pembea. Niliketi na wageni, nikacheka palipotakiwa kucheka, na akili yangu ilikuwa kwenye majivu.

Jioni mtoto alirudi, vumbi mpaka kwenye nyusi, bahasha ya ubuyu mkononi. Akaanza kumhesabia bibi yake mapembea aliyopanda. Mara tano. Bibi akamwuliza hela zilitosha vipi.

"Nilikuwa nazo za baba mbili, za shangazi mbili, na ile yako ya kung'aa."

Nilisimama. Mama mkwe alinitazama, akatazama beseni lililofunikwa uani, akaelewa kabla sijasema neno. "Mwanangu," akaniambia, na tangu nimwoe binti yake hakuwa amewahi kuniita hivyo, siku zote alisema baba. "Nilimpa mimi. Alinisaidia kusuuza, akaomba moja iliyong'aa kuliko zote. Nikamwambia chukua, hiyo sikukuu yako."

Tukaenda uwanjani usiku ule: mimi, mwanangu mkubwa na tochi, kitinda mimba mgongoni kwangu ili atuonyeshe mtu mwenyewe, na mama mkwe, ambaye alikataa katakata kubaki. "Niliyetoa ni mimi," alisema, akajitanda. Njia ilikuwa ya mchanga na mashimo. Alitembea mbele yetu.

Pembea zilikuwa zinafunguliwa kamba. Mwenye pembea, kijana aliyejifunga kitambaa kichwani, alikuwa amemwaga mapato yake juu ya turubai na anayapanga: za mia, za mia mbili, za mia tano. Tulisalimiana. Nikainama kuomba ruhusa nichambue. Hakuningoja nimalize. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, wa kifuani, akatoa kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara nne.

"Hii?" akasema. "Niliona ina maandishi. Nikadhani mna jina la Mwenyezi Mungu humo, nikaogopa kulichanganya na hela watu wanazokanyaga."

Nilimpa noti, akaikataa. Alisema mtoto alikuwa anacheka mno, akampandisha na mambo yakaisha.

Sijui kama wanaosimamia makumbusho makubwa duniani wana utaratibu ulio bora kuliko ule. Kijana yule hakujua sarafu ni ya nani wala ya lini. Alijua ina maandishi yanayostahili heshima, akaitenga, akaifunga, akaiweka juu ya moyo wake. Mimi na elimu yangu ya daftari niliiweka kwenye kopo la maziwa.

Wakati wa kurudi mama mkwe aliomba kuishika. Tulipofika dukani penye taa ya nje akasimama, akaiinua karibu na jicho, akaigeuza kidogo kidogo. Halafu akasoma. Sikuwa nimewahi kumsikia akisoma Kiarabu. Nilimjua kama mama wa kupika, wa kulima mihogo, wa kwenda maulidini. Sikuwa nimejiuliza huko maulidini hufanya nini. Alikuwa akisomesha watoto chuoni Kilwa kabla macho hayajachoka, miaka mingi, na hapo chini ya taa ya duka alisoma maneno yasiyo na nukta kama anayesoma jina la jirani yake mlangoni:

"Yathiqu bil-Wahidi l-Mannaan." Akairudia, akivuta silabi ya mwisho kama avutavyo msomaji wa kasida. "Anamtegemea Mmoja, Mwingi wa kutoa. Huku je?"

Akageuza. Upande wa jina ulikuwa umebaki michirizi. Akapitisha kidole.

"Huku pamefutika. Nimefuta mimi?"

Sikuweza kumdanganya na sikutaka kumuumiza. Nikasema, "Palikuwa pamechakaa toka zamani, mama, sikuwahi kupasoma vizuri. Ukwaju umemalizia."

Alinyamaza kwa muda, watoto nao wakanyamaza. Kisha akasema, kwa sauti ya mwalimu anayerudi kwenye somo lake, "Kama huku ni Mannaan, kule jina lake lazima livutwe vilevile. Haliwezi kuwa Hasan. Hasan ni fupi, haivutiki."

Daftari langu lilisema Ali bin al-Hasan, na alama ya kuuliza mbele yake, kwa miaka mitatu. Masikio ya mama mkwe yalilisahihisha kwa kina kimoja. Jina linalovutika ni Sulaimaan: al-Hasan bin Sulaiman, sultani ambaye katika enzi yake ilijengwa Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani, kasri la matumbawe juu ya jabali la bahari, na ambaye Ibn Battuta alimkuta kwenye kiti mwaka 1331 akamsifu kwa unyenyekevu na ukarimu. Sarafu ya sultani huyu huyu iliwahi kupatikana Great Zimbabwe, mbali bara, kule dhahabu ilikotoka ikashuka Sofala na kupanda Kilwa. Sarafu moja ya shaba, isiyotosha kununua kuku, imewapa wataalamu ushahidi wa njia nzima ya biashara. Na imewapa kwa sababu moja tu: inajulikana ilipookotwa.

Nilimwambia haya tukitembea. Nikamwambia na la Pemba, kwamba mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi wa Misri. Zile za fedha, zikiwamo za Ali bin al-Hasan, hazina mwaka, lakini dinari zina tarehe, na kwa kuwa zilikutwa zimelala pamoja, wataalamu waliweza kuirudisha zama ya Ali bin al-Hasan nyuma mpaka karne ya 11. Nikamwambia na la mwanajeshi wa Australia aliyeokota sarafu tano za Kilwa ufukoni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, mwaka 1944. Akazitia koponi, zikakaa humo mpaka 1979 ndipo akazitoa na kuchora alama kwenye ramani kuonyesha alipozikuta. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko, ila mahali hapabishaniwi, maana alipakumbuka.

"Kopo," alisema mama mkwe. "Naye aliweka kopo."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

Hilo ndilo nililolala nalo. Nilikuwa nimesoma kila karatasi niliyoweza kuipata. Nilikuwa nimewaandikia watu nisiowajua. Miaka mitatu nilimpigia simu mama mkwe kila Ijumaa kumjulia hali, nikamwuliza magoti, nikamwuliza mihogo, na sikumwuliza hata mara moja mume wake alikuwa akiziokota wapi.

Usiku ule, vyombo vya pilau havijaoshwa, tuliketi ukumbini, yeye kwenye jamvi, mimi na daftari jipya. Alichukua moja moja. Alikuwa anazijua. Mumewe alikuwa akirudi baharini huzitoa kikapuni pamoja na samaki, naye huzipokea mkononi, na kila moja ilikuja na habari ya safari. Nne ziliokotwa Kisiwani, ufukoni chini ya ngome ya Gereza, baada ya mvua za masika kuufukua ukingo wa pwani. Akakumbuka na mwaka wa masika yenyewe kwa sababu ndipo mke wangu alipozaliwa. Moja iliokotwa shambani, kwenye tuta la muhogo. Ile ya pembea, aliishika kwa muda mrefu kuliko zote.

"Hii si ya Kisiwani. Hii ya Songo Mnara. Walikwenda kukata boriti, wakalala huko siku sita kwa upepo. Alirudi na homa, na hii imefungwa kwenye pindo la shuka. Akaniambia, nimekuletea hela ya wafalme."

Nyingine tano hakuzikumbuka. Alisema hivyo waziwazi, hakutaka kubahatisha, nami nikaandika mbele yake: mahali hapajulikani.

Baada ya siku tisa, kama nilivyoogopa, unga wa kijani hafifu ulianza kutoka kwenye sarafu nne za Kilwa. Hii ndiyo kazi ya chumvi iliyotiwa kwenye ukwaju. Inabaki ndani ya vitundu vya shaba, inakutana na unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam haikosi unyevu, kisha inaanza kuila shaba kwa ndani bila kukoma. Dawa yake ni uvumilivu. Unazilaza kwenye maji safi yasiyo na madini yoyote, unayabadilisha kila siku, wiki baada ya wiki, mpaka chumvi itoke.

Maji hayo kwa sisi watu wa kawaida ni yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Nilimtuma mwanangu mkubwa kituo cha mafuta. Akarudi na chupa, nikamimina bakulini, nikawa nanyoosha mkono kutia sarafu ya kwanza. Mke wangu, aliyekuwa anakaanga vitumbua, alichukua chupa ili aitupe, akasoma kibandiko. "Baba watoto, toa mkono! Hii ni asidi." Mtoto alikuwa ameomba ya betri, akapewa ya betri. Ndani ya nyumba yenye watoto chupa ile haikupaswa hata kuvuka kizingiti, na ninamwomba yeyote atakayefanya kazi hii aende mwenyewe dukani na asome kibandiko kabla ya kulipa.

Nilipopata maji yenyewe, zote kumi na moja zililala humo wiki saba. Tulipokwenda kazini mama mkwe alibaki na kazi ya kubadilisha maji, maana alikuwa ameahirisha kurudi Kilwa. Alifanya hivyo kila baada ya swala ya adhuhuri, kwa vidole vilevile vilivyosugua, na hakuna siku aliyoisahau. Mbili hazikupona. Zilivunjika vipande, nikavihifadhi vipande. Tisa zilitulia. Tulizikausha, kila moja ikapata bahasha yake ya karatasi, na ndani ya boksi tukatia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Lilibaki la sheria, na hili sikutaka kulikwepa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu nchini kabla ya 1863, na inamtaka aliyevikuta atoe taarifa. Kuviuza au kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Pesa za mizani, za Wajerumani na za Waingereza ni za baadaye. Za Kilwa zimo ndani kabisa. Marehemu baba mkwe hakuiba. Aliokota kilichofukuliwa na mvua, kama walivyofanya watu wote wa kisiwa chake. Lakini mimi nilikuwa najua, na anayejua hana udhuru wa kopo. Nilimweleza mama mkwe. Akasema, "Ni za Kilwa. Zirudi kwa wenyewe wa Kilwa, ila zirudi na maneno yake." Tulizipeleka pamoja kwenye ofisi ya mambo ya kale, tisa nzima na vipande vya mbili, na daftari. Ofisa aliyetupokea alifungua daftari kabla ya boksi. Alisoma ukurasa wa Songo Mnara mara mbili, akamwuliza mama mkwe maswali kwa saa nzima, na kila swali aliandika jibu lake.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji. Kama kwenu kuna kopo, kibweta, mkoba wa bibi wenye vitu vya namna hii, usitie ndimu, usitie ukwaju, usitie majivu. Chukua kalamu kwanza. Mtafute mzee aliyekuwapo, muulize ilitoka wapi, na andika leo anavyosema, hata asipokumbuka yote.

Ile bahasha ya sarafu ya pembea imeandikwa kwa mkono wa mwanangu mkubwa, mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote: al-Hasan bin Sulaiman, shaba, upande wa jina umefutika kwa kusuguliwa, Songo Mnara, karibu na mikoko, msimulizi ni mjane wa mwokotaji. Mama mkwe ndiye aliyetaka neno la kusuguliwa liandikwe.

Riale ya Sham iko shingoni mwa mke wangu. Sarafu thelathini na moja ziko kwenye bahasha zake juu ya meza yangu. Kopo la maziwa, tupu, mama mkwe alirudi nalo Kilwa. Anawekea hiliki.